Madhara Yanayokawia ni Juu ya Nani?

Wanazuoni wa fikihi wameeleza tangu zamani hukumu ya mtu achimbaye shimo katika njia ya watu pasipo haki. Hata akenda zake, na mwingine akatumbukia humo baada ya miaka, dhamana ni juu yake. Kukawia kwa madhara hakumtoi katika jukumu. Jambo hili twalikubali sote katika mambo ya njia. Je, twalikubali pia katika maradhi?

Tuitazame surua. Wengi huiona kuwa ni homa na vipele vya siku chache, kisha mtoto huinuka akacheza. Walakini mara chache virusi vyake husalia ndani ya ubongo, vikajificha kimya. Baada ya miaka, aghalabu 7 hadi 10, huanza kuuharibu ubongo kidogo kidogo. Mtoto aliyekuwa hodari husahau masomo yake, tabia yake hugeuka, na viungo vyake hushtuka bila ya yeye kutaka. Kisha hupotewa na maneno na mwendo, na mwisho wake karibu daima ni mauti. Daktari James Dawson wa Marekani aliyaeleza maradhi haya mwaka 1933, na mwaka 1969 virusi vya surua vikapatikana katika bongo za wagonjwa. Dawa ya kuyaponya haijapatikana hata leo.

Na watu husemaje? Mwalimu husema huyu ni mvivu, akampiga. Jirani husema ni jini au husuda. Mtoto hulaumiwa kwa akili aliyonyang'anywa na maradhi. Hiyo ni dhulma ya kwanza.

Ya pili imejificha zaidi. Khatari hii ni kubwa khasa kwa walioambukizwa kabla ya kutimiza miaka 2. Hapa Kenya chanjo ya kwanza ya surua hutolewa mtoto akiwa na miezi 9, na ya pili akiwa na miezi 18. Kabla ya hapo, kinga aliyozaliwa nayo kutoka kwa mamaye huwa yapungua, naye hana ngao ila usalama wa wale wanaomzunguka. Basi mwenye kuacha kumchanja mwanawe, hali amebainishiwa na aweza, hamtii khatarini wake peke yake, bali na mchanga wa jirani.

Atasema: "Sikukusudia, na hayo ni kadari." Twamjibu: hata mchimba shimo hakumkusudia mpita njia, wala kadari haikumwondolea dhamana. Lakini haki yataka tutenganishe. Asiyejua, au aliyeitafuta chanjo asiipate, au ambaye mwanawe aliambukizwa kabla ya wakati wake, huyo hana lawama. Lawama hufuata elimu na uwezo.

Na sisi tuliokwisha kujua, udhuru wetu ni upi? Kila mwenye mtoto mdogo na aitazame kadi yake ya kliniki leo: sindano ni mbili. Ikiwa moja imekosekana, na ampeleke.