Safari ya Muislamu: Ratiba iko mkononi mwa nani?

Kila sifa njema anastahiki Mwenyezi Mungu (s.w.), Mola aliyeitandaza ardhi na kuweka ndani yake njia za kupita. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zangu Waislamu, shule zinapokaribia kufungwa huanza mazungumzo ya kuwatembeza watoto. Wengi wetu wa mjini tumezoea njia moja: unalipa kampuni, unapewa pakeji yenye basi, chakula na mtembezaji, nawe kazi yako ni kupanda na kushuka. Mimi pia nilifanya hivyo. Nililipia familia yangu safari ya siku moja kwenda Bagamoyo.

Ratiba ilikuwa na muda wa chai, muda wa kupiga picha na muda wa ufukweni. Muda wa Adhuhuri haukuwemo. Nilipomwambia dereva tusimame, akajibu kwa upole, "Mzee, tutachelewa." Pale Kaole, kwenye msikiti wa kale unaokadiriwa kuwa wa karne ya 13, tulikaa dakika ishirini. Mwanangu akauliza, "Baba, hawa waliojenga walikuwa wanaswali kama sisi?" Kabla sijamjibu, honi ikapigwa. Tulirudi Dar es Salaam jua limezama, Adhuhuri na Alasiri zote zimetupita. Bagamoyo haifiki hata masafa ambayo wanazuoni wetu wa Kishafii wanaruhusu kupunguza na kukusanya swala, yaani kiasi cha kilomita 80. Sikuwa na udhuru.

Ndugu msomaji, nisimlaumu dereva. Yeye alitekeleza mkataba. Mimi ndiye niliyekabidhi nauli, nikakabidhi na swala yangu.

Tujiulize, Uislamu unasemaje kuhusu kutembea? Katika Suratul Ankabut (29:20) tunaamrishwa tutembee katika ardhi, tutazame jinsi Allah alivyoanzisha uumbaji. Na katika Suratul Hajj (22:46) tunaelezwa kuwa kutembea huko ni ili tupate nyoyo za kuzingatia na masikio ya kusikia, kwani kipofu hasa ni yule ambaye moyo wake hauoni. Basi safari ya Muislamu ina lengo. Na mwenye kuzingatia anahitaji kusimama, kuuliza, kukaa na wenyeji na kuswali nao.

Mtazameni Ibn Battuta. Alitoka Tangier, Morocco, mwaka 1325 akiwa kijana wa miaka 21, nia yake ikiwa Hija. Mwaka 1331 alifika pwani yetu. Mogadishu alipokewa na kadhi, Mombasa akalala usiku mmoja, kisha akafika Kilwa. Huko alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abul Mawahib kwa ukarimu wake. Anasimulia jinsi fakiri mmoja alivyomsimamisha Sultani baada ya swala ya Ijumaa na kumwomba nguo alizovaa. Sultani akaingia ndani, akazivua na kumpa. Habari hiyo Ibn Battuta aliipata kwa kukaa na watu na kuswali nao.

Leo kutoka Dar es Salaam hadi Kilwa Masoko ni kiasi cha kilomita 300 za barabara. Tangu daraja la Mkapa lilipofunguliwa mwaka 2003, hatungoji tena pantoni kuvuka Rufiji. Mwenye gari lake, au jamaa watakaochangishana kukodi Noah, wataondoka baada ya Alfajiri. Watapita Mkuranga, Kibiti na Ikwiriri, na watasimama wanapotaka kusimama. Nangurukuru watakunja kushoto. Kutoka Masoko watavuka kwa mashua hadi Kisiwani, wakaone Msikiti Mkuu na Husuni Kubwa, mji ambao Wareno waliuvamia na kuupora mwaka 1505. Kivinje watasimuliwa habari za Hassan bin Omari Makunganya, aliyenyongwa na Wajerumani mwaka 1895. Hapo mtoto akiuliza, hakuna honi itakayomkatiza. Utamjibu kuwa ndiyo, waliswali kama sisi, na kibla chao ndicho kibla chetu.

Lakini uhuru huo una adabu zake. Mtume (s.a.w.) ameelekeza kuwa watatu wakisafiri, wamteue mmoja awe amiri wao (Abu Daud). Amiri ndiye atakayesema tusimame, na ndiye atakayesema leo usiku hatuendeshi. Na yule aliyeuliza kama amfunge ngamia au amwache na kutawakali, Mtume (s.a.w.) alimwelekeza afunge kwanza kisha atawakali (Tirmidhi). Ngamia wetu wa leo ana breki, taa na tairi la akiba. Kuwapakia watoto kwenye gari bovu ukasema "Allah atatulinda" si kutawakali. Uliza pia hali ya njia. Mei 2024 mvua za kimbunga Hidaya zilikata barabara hiyo maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakwama.

Safari ya Kilwa inaruhusu kufupisha Adhuhuri, Alasiri na Isha kuwa rakaa mbili. Adhuhuri hukusanywa na Alasiri, na Magharibi na Isha. Magharibi hubaki tatu, na Alfajiri huswaliwa kwa wakati wake. Anayetaka kuondoka Ijumaa alfajiri ikishaingia, ahakikishe ataipata swala ya Ijumaa njiani. Wala tusisahau dua ya kupanda chombo.

Sisemi kuwa pakeji ni haramu. Wapo wazee, wagonjwa na wasio na dereva, nao kusafiri na kundi ni nafuu kwao. Wala sisemi mtu akope ili akatembee. Mwenye deni alipe kwanza. Ninalosema ni kwamba kabla hujalipa, isome ratiba. Kama haina swala, omba iwekwe. Wakikataa, rudi na fedha yako.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa safari ni kipande cha adhabu, inayomnyima mtu usingizi, chakula na kinywaji chake (Bukhari na Muslim). Kuikosa raha hiyo kwa siku mbili tunaweza kuvumilia. Lakini swala hatukuambiwa kuwa miongoni mwa vitu ambavyo safari hutunyima.

Mwanangu bado anakumbuka honi ile ya Kaole. Namuomba Allah anijaalie nimpeleke Kilwa, akumbuke adhana.

Wabillahi tawfiq.