Mgonjwa Amepona: Je, Nyumba Yake Imepona?

Masomo: Walawi 14:1–32, Marko 5:35–43, Yohana 11:38–44 na 12:1–2



Tumezoea kuombeana wakati wa ugonjwa. Hapa Kisiwani mtu akilazwa Same au Gonja, au akipelekwa KCMC kule Moshi, habari zake hufika kanisani upesi. Jina lake hutajwa katika sala, akina mama hupanga zamu ya kwenda kumtazama, na wazee huchanga nauli. Ni jambo jema nasi twamshukuru Mungu kwa ajili yake. Lakini siku mtu huyo anaporudi kwake akitembea kwa miguu yake mwenyewe, vigelegele hupigwa, kuku huchinjwa, na Jumapili inayofuata jina lake halitajwi tena. Nyumba yake tunaiacha ijitafutie njia. Hapo ndipo tunapotaka kusema neno mwezi huu, kwa maana tumeona nyumba zilizosimama imara muda wote wa ugonjwa, kisha zikatikisika baada ya mgonjwa kupona.

Na tuchukue kifua kikuu, ugonjwa ambao mkoa wetu umeujua kwa miaka mingi. Hospitali ya Kibong'oto ilianzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya wagonjwa wa kifua. Wakati ule dawa yenyewe haikuwapo duniani. Streptomaisini ilipatikana kule Marekani mwaka 1943. Mgonjwa alipelekwa kupumzika, kula vizuri na kuvuta hewa safi, na kuagana naye mara nyingi kulikuwa ni kuagana kweli. Baadaye zikaja sindano, na vidonge vya kumeza mwaka mzima na zaidi. Mwaka 1977 Serikali yetu ilianzisha mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma, na njia ya kumpa mgonjwa dawa mbele ya msimamizi ikafanywa hapa Tanzania kwa uangalifu mkubwa, hata miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likazifundisha nchi nyingine. Siku hizi dawa za kawaida ni za miezi sita: miwili ya kwanza aina nne, na minne iliyobaki aina mbili. Kifua kikuu sugu kina dawa zake na muda wake, na matibabu yake hapa nchini yalianzia Kibong'oto mwaka 2009.

Basi watu wanapona. Wazee wetu walijua namna ya kumsindikiza mgonjwa wa kifua. Sisi yatupasa kujua namna ya kumpokea.

Tuwape habari ya nyumba moja, bila kutaja jina wala kitongoji. Baba wa nyumba alikohoa muda mrefu kabla ya kupimwa, kama ilivyo kawaida ya wanaume wengi. Alipoanza dawa alikuwa amekwisha nguvu kabisa. Mkewe akachukua jembe, akachukua ada za shule, akachukua nafasi ya mumewe kwenye msaragambo ili nyumba isidaiwe. Mtoto wa kwanza wa kiume akashika zamu ya maji ya mfereji, akaenda usiku na taa kufungulia mahindi. Mbuzi wawili waliuzwa, na wa tatu akawa deni. Miezi sita ikaisha, makohozi yakapimwa tena, yakawa safi. Siku ile mama alilia mbele ya mganga wa zahanati kwa furaha.

Lakini baba aliporudia maisha yake alikuta yana wenyewe. Kikombe chake kilikuwa kimefungwa uzi mwekundu kwenye mkono wake, na sahani yake iliwekwa peke yake kwenye kichanja. Hakuna aliyemwambia neno. Makande yalipopakuliwa, watu walikula pamoja naye akaletewa yake pembeni. Alipoamka alfajiri kwenda kwenye mfereji, kijana alikwisha kwenda na kurudi. Watoto waliomba ruhusa kwa mama huku baba amekaa hapo hapo. Na usiku akikohoa kidogo tu, kwa vumbi la barabara yetu ambalo kila mtu analijua, nyumba nzima iliketi kitandani. Baada ya majuma machache alianza kufoka kwa mambo madogo, naye hakuwa mtu wa kufoka. Mama yule alituambia maneno ambayo hatujayasahau: alipokuwa mgonjwa nilijua la kufanya.

Wapenzi, wale hawakuwa watu wabaya. Uzi ule mwekundu ulifungwa na mtu aliyempenda mumewe na kuwahofia watoto wake. Walakini tuseme wazi, kwa kuwa ujinga huu uko katika nyumba nyingi, hata za wazee wa kanisa. Vijidudu vya kifua kikuu hupita hewani, mgonjwa asiyetibiwa anapokohoa, kupiga chafya au kusema na watu katika chumba kisicho na hewa. Havipiti katika kikombe, wala sahani, wala shuka, wala kupeana mkono. Mtu aliyeanza dawa zinazomfaa, naye akazimeza sawasawa, kwa kawaida huacha kuambukiza baada ya majuma machache. Aliyemaliza na kupimwa akaonekana safi, hana cha kutengwa nacho. Kinachotakiwa ni madirisha kufunguliwa, na watu wote wa nyumbani kwenda kupimwa, hasa watoto walio chini ya miaka mitano, ambao huweza kupewa dawa ya kuwakinga. Uzi kwenye kikombe haumkingi mtoto ye yote. Unamwambia baba tu, kila asubuhi anapokunywa uji, kwamba bado hajarudi.

Tazameni basi habari ya Lazaro. Twapenda kuhubiri jinsi Bwana Yesu alivyomwita kwa sauti kuu akatoka kaburini siku ya nne. Mara chache tunaendelea mbele kidogo. Alitoka akiwa hai, lakini mikono na miguu yake ilikuwa imefungwa sanda, na uso wake umezungushiwa leso. Bwana aliyeweza kumtoa mautini angeshindwa kufungua kitambaa? Hakukigusa. Aliwaamuru watu waliosimama pale, majirani na waombolezaji, wamfungue wamwache aende. Kumfufua ilikuwa kazi ya Mungu. Kumfungua waliachiwa watu wa kwao, tena wale wale ambao pengine walimfunga kwa mikono yao siku nne kabla, wakimfunga kwa upendo na machozi.

Na baada ya hapo tunamwona Lazaro wapi? Mezani. Yohana katika sura ya kumi na mbili anaandika kwamba walimfanyia Bwana karamu kule Bethania, Martha akitumika kama desturi yake, na Lazaro akiwa mmoja wa walioketi chakulani. Hakuletewa chake pembeni. Vivyo hivyo binti wa Yairo, wa miaka kumi na miwili: alipoinuka tu, na watu wangali wanashangaa, Bwana aliagiza apewe chakula. Wazazi walikuwa wamesimama wakitazama muujiza, naye aliwarudisha jikoni.

Torati nayo iliijua shida hii, tena ikaitengenezea utaratibu. Katika Walawi 14 mwenye ukoma akipona, kuhani hangoji aletewe habari barazani. Yeye ndiye atokaye kwenda nje ya kambi kumtazama. Kisha mtu huyo hufua nguo, hunyoa, huoga, naye huingia kambini. Lakini angalieni: anaingia kambini, asiingie hemani mwake, anakaa nje ya hema yake siku saba. Siku ya nane hutoa sadaka, na kuhani humtia damu na mafuta katika ncha ya sikio la kuume, na kidole gumba cha mkono wa kuume, na cha mguu wa kuume. Sikio, mkono, mguu. Twaona hapo kwamba anarudishiwa kusikia mashauri ya watu wake, anarudishiwa kazi, anarudishiwa kwenda na kurudi. Na kwa nini zile siku saba mlangoni? Wako wanaosema mambo mengine, lakini sisi twaona ndani yake rehema kwa pande zote mbili. Mkewe anamwona pale nje, watoto wanamzoea, naye anaizoea sauti ya nyumba yake. Hakuna aliyelazimishwa kurukia siku moja toka kilio hadi ngoma.

Kwa hiyo nyumba isijilaumu ikiwa mambo hayakukaa sawa juma la kwanza. Na wala isiharakishe vibaya. Iko haraka nyingine inayoua: mgonjwa huanza kunenepa mwezi wa pili au wa tatu, kikohozi kinakoma, ndugu wanasema amepona, dawa zinaachwa. Huyo hajapona. Vijidudu vilivyobaki hurudi, na pengine hurudi vikiwa sugu. Msimamizi wa dawa hapo nyumbani, ambaye siku hizi mara nyingi ni mke, au mama, au kaka, asione haya kuonekana mkali mpaka kidonge cha mwisho. Baada ya kidonge cha mwisho, na majibu ya hospitali kutoka, ukali huo uwekwe chini. Wengine hawauweki. Wanaendelea kusimamia.

Kazi ndiyo ngumu kuirudisha kuliko kikombe. Mapafu yaliyopona huweza kubaki na makovu, na mtu huyo akipanda kilima pumzi humwishia kabla ya wenzake. Si uvivu, wala asipelekwe kubeba mkungu wa ndizi toka mlimani ili kumjaribu. Lakini iko kazi anayoiweza. Kijana yule wa zamu ya maji, tulipozungumza naye, alidhani anamhurumia baba yake. Tulimshauri waende pamoja kwenye mfereji, baba afungulie maji, yeye abebe jembe. Mama mkwe wa Simoni Petro alipoachwa na homa aliinuka akawatumikia. Haikuandikwa kwamba waliokuwapo walimsihi alale.

Tumetaja ule mpango wa mwaka 1977. Mmoja wa walioujenga pamoja na wataalamu wetu alikuwa Daktari Karel Styblo, aliyezaliwa Chekoslovakia mwaka 1921. Wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa katika kambi ya Mauthausen, na humo akapata kifua kikuu. Alipona, akaifanya vita ya ugonjwa ule kuwa kazi yake, na njia iliyofanywa naye hapa kwetu imewaponya watu wasiohesabika mpaka alipofariki mwaka 1998 na hata baadaye. Mtu wa namna hii angeweza kabisa kuwekwa kitini na kufunikwa blanketi na watu wanaompenda.

Neno kwa aliyepona mwenyewe. Tunajua una haki ya kuudhika, lakini uwatazame pia waliokaa nawe. Mkeo hakukunyang'anya nyumba; aliibeba isianguke, na mabega yake bado yanauma. Watu wengi wanaouguza hawachoki wakati wa kuuguza. Huchoka baadaye, mgonjwa akiwa anacheka, na ndipo machozi yao hutoka bila sababu inayoonekana, nao huona haya kulia wakati wa furaha. Usimwulize mbona unalia nami nimepona. Keti naye. Tena ukubali kwamba mengine aliyojifunza katika miezi ile hayatarudi kama zamani: akiwa amejua kuuza mahindi kwa bei nzuri kuliko wewe, basi auze. Na ikiwa umezoea kuletewa maji ya kunawa ukiwa umeketi, mkumbuke yule mtu wa birikani Bethzatha, aliyekuwa hawezi muda wa miaka thelathini na minane. Bwana alimwuliza kwanza kama anataka kuwa mzima. Swali hilo si matusi.

Watoto walioko Dar es Salaam na Arusha nao wasikie. Mlipokuwa mkipiga simu kila jioni kuuliza hali ya mzee, mama alipata nguvu. Simu zilipungua majibu yalipotoka mazuri. Zipigeni tena, na safari hii mwulizeni mama hali yake mwenyewe.

Sasa upande wa kanisa. Kitabu cha Sala cha mwaka 1662, ambacho ni shina la vitabu vyetu, kina utaratibu mzima wa kumzuru mgonjwa, na shukrani kwa kuondolewa tauni. Utaratibu wa kuizuru nyumba ya aliyepona hatukuwekewa, basi tuufanye wenyewe. Tumekubaliana na wazee kwamba mtu akimaliza dawa, au akirudi kutoka hospitali baada ya ugonjwa mzito wo wote, jina lake litaendelea kutajwa katika sala kwa majuma nane, pamoja na la aliyemwuguza. Akina mama wataendelea kwenda nyumbani kwake, na wakipewa chai wanywe wote kwa vikombe vyo vyote vitakavyoletwa.

Na siku ya kutoa shukrani, tunaomba asisimame mtu mmoja mbele ya madhabahu. Isimame nyumba yote. Wengine wamekuwa wakiahirisha shukrani mwaka mzima kwa kuona aibu kwamba hawana cha kuleta, na madeni ya ugonjwa hayajaisha. Sheria ya Musa ilimpunguzia maskini: badala ya wana-kondoo watatu alileta mmoja, na hua wawili au makinda mawili ya njiwa. Nasi tunapunguza zaidi. Mwenye deni la mbuzi asikope mbuzi mwingine. Chane moja ya ndizi inatosha, na asiye na ndizi aje na watu wake.