Sifa ya Wimbo ni ya Nani?

Mcheza kwao hutuzwa. Wazee waliosema hivyo walimwona mchezaji kwa macho yao, na jasho lake lilikuwa shahidi wa kazi yake. Je, msomaji, atatuzwa nani ikiwa mwenye wimbo hakupiga ngoma, hakupuliza zumari, wala hakugusa nyuzi za udi?

Swali hili si la mzaha. Mwaka 2018 kampuni ya Google ilitoa chombo kiitwacho Song Maker. Hufunguliwa katika kivinjari cha intaneti, na mbele yako hutandazwa miraba mingi mfano wa jamvi. Miraba ya chini ina sauti nene, ya juu ina sauti nyembamba, na wakati hupita kutoka kushoto kwenda kulia. Mraba uguswao hujaa rangi. Ukitoa amri, chombo hupita safu baada ya safu na kuliza kila mraba uliojaa. Mtu asiyejua kusoma noti aweza kupata wimbo kwa dakika chache.

Wapo wasemao kuwa huu ni uvivu uliovikwa joho la sanaa. Hukumu hiyo ina haraka. Conlon Nancarrow, mtunzi aliyezaliwa Marekani mwaka 1912 na kuhamia Mexico mwaka 1940, alitunga kwa kutoboa matundu katika karatasi ndefu, na piano ya mashine ikayafuata matundu hayo na kujipiga yenyewe. Vidole vyake havikuigusa piano muziki ulipolia. Lakini kila tundu lilikuwa amri yake, na dakika chache za muziki zilimgharimu miezi ya kazi. Nani atathubutu kumwita mvivu?

Hata hivyo, ipo hatari. Chombo chetu hukuruhusu kuchagua ngazi ya noti 5 tu, ambazo hata zikitupwa ovyo hazigombani sana. Hapo umeondolewa kosa, na kosa likiondoka huondoka pamoja na sifa. Mbio ambazo hapana awezaye kushindwa hazina mshindi. Chagua ngazi ya noti 12, nawe utaona tofauti: humo noti mbaya husikika ubaya wake, na hakimu ni sikio lako.

Basi ipime kazi yako kwa swali moja: kwa nini noti hii iko hapa, wala haiko pale? Ukiwa na jibu, hata kama jibu ni kwamba ulijaribu nyingine na sikio likazikataa, wimbo ni wako. Ukiwa huna, umeokota sauti njiani. Ifurahie, uicheze, lakini usiitie jina lako. Chombo kinaweza kupiga noti elfu bila kuchoka. Hakiwezi kuionea haya noti mbaya, wala kuifuta iliyo nzuri ili ipatikane iliyo bora. Kazi hiyo umeachiwa wewe, na tuzo imo ndani yake.