Ufundi na Kiapo

Miongoni mwa maswali yanayowakabili vijana wetu wanapomaliza masomo ya sekondari, liko moja ambalo halizungumzwi sana darasani ingawa huzungumzwa sana barazani: je, yafaa kijana mwenye kipawa cha ufundi aingie jeshini ili apate kukikuza kipawa chake? Katika Morogoro swali hili lina uzito wa pekee. Kijana anayetelemka kutoka Kinole, Mgeta au Matombo kuja kusoma mjini hukuta chini ya milima ya Uluguru shule, vyuo na karakana, na pamoja navyo hulikuta Shirika la Mzinga, lililoanzishwa mwaka 1974 chini ya jeshi kwa ajili ya kutengeneza risasi na zana nyinginezo. Hivyo tangu utotoni mwake huona kwamba mashine bora na sare ya kijani vyaweza kukaa chini ya paa moja.

Katika insha hii hatukusudii kuwaambia vijana waende au wasiende. Tunakusudia kulitafuta swali lenyewe, maana mara nyingi watu hudhani wamelijibu, kumbe wamejibu swali jingine.

Swali ambalo watu hulijibu kwa wepesi ni hili: je, kuna faida? Jibu lake halina shida. Jeshi humlisha kijana, humvika na kumfundisha. Huko aweza kujifunza kutengeneza magari makubwa, mitambo ya mawasiliano, injini za ndege, vifaa vya hospitali, au ujenzi wa madaraja, na kushika vyombo ambavyo gereji ya mtaani haiwezi kuvinunua. Kwa jamaa inayolima kishamba kidogo juu ya mteremko mkali, mahali ambapo mvua moja yaweza kuteremsha jasho la mwaka mzima hadi bondeni, hilo si jambo dogo. Hatuoni aibu yoyote katika hesabu hiyo. Mtu anayemcheka mwenzake kwa kutafuta kazi ya kumlisha mama yake, huyo mwenyewe huenda ameshiba.

Lakini hesabu ya faida haitoshi, kwa sababu kijana anayeingia jeshini hapokei ufundi peke yake. Anapokea na kiapo. Fundi wa gereji akichoshwa na tajiri wake hukusanya spana zake akaenda zake. Askari hawezi kufanya hivyo. Fundi wa kawaida huuza saa zake za kazi na jioni akarudi kuwa mtu wake mwenyewe. Askari ameweka ahadi ambayo haina jioni. Ameahidi kutii amri halali, kwenda anakopelekwa, na ikibidi kuua au kufa. Ahadi hiyo humhusu fundi wa redio sawasawa na mpiga bunduki, kwa kuwa redio ndiyo inayomwambia mpiga bunduki wapi aelekeze. Wahenga walisema, ukipenda boga, penda na ua lake. Anayeutaka ufundi wa jeshi bila kiapo chake anataka kula boga na kulilaani ua.

Yafaa pia tukumbuke kwamba kosa la fundi wa jeshi si sawa na kosa la fundi wa baiskeli. Mwezi Aprili 2009 maghala ya silaha yalilipuka Mbagala, na Februari 2011 yakalipuka mengine Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watu walikufa, wengi wakajeruhiwa, na nyumba zikabomoka. Vifaa vya namna hiyo havingoji vita ili viue. Hudai uangalifu kila siku. Kwa hiyo aliyekwenda kuvitunza huku moyo wake ukiwa mahali pengine, akihesabu tu mwezi wa mshahara, amejiweka yeye na majirani zake katika hatari.

Lugha yetu yenyewe yatufundisha jambo hapa. Neno mzinga lina maana mbili. Mzinga ni gogo lililochongwa na kutobolewa ndani, likatundikwa mtini ili nyuki waweke asali. Na mzinga ni chombo cha vita kinachotema moto. Umbo ni lile lile: kitu cha mviringo chenye uwazi ndani. Mchongaji wa kwanza aliwaza asali, na wa pili aliwaza adui. Ustadi wa mkono hautuambii bado kama kazi ni njema; sharti tuulize nini kitatiwa ndani, na kwa kusudi la nani.

Historia ya Morogoro yaonyesha ukweli huo. Katika karne ya 19 Kisabengo, mtu wa asili ya Uzigua, alijenga mji wenye boma la mawe chini ya milima hii, na baada yake binti yake aliyejulikana kwa jina la Simbamwene akautawala. Henry Morton Stanley alipopita hapo mwaka 1871 aliisifu kazi ya kuta na minara yake. Bila shaka waashi wale walikuwa mafundi hodari. Lakini sehemu ya nguvu ya Kisabengo ilitokana na kuwanasa watu, na kwa wanyonge wa siku zile milima ilikuwa kimbilio. Ukuta ule ule uliowapa usalama waliokuwa ndani uliwatia hofu waliokuwa nje. Mwaka 1872 mafuriko yakaubomoa upande mmoja wa boma. Leo sifa ya waashi wale haiwezi kutenganishwa na kazi iliyofanywa na boma lao.

Mfano wa pili watoka mbali na Uluguru, katika mpaka wetu wa kaskazini-magharibi, lakini ni wa Taifa zima. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi yetu hadi Mto Kagera. Mapema Novemba daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti, na katika kazi hiyo wavamizi walimtumia mtaalamu kutoka machimbo ya Kilembe, aliyejua mahali pa kutegea baruti hizo. Mwezi ule ule wahandisi wa jeshi letu waliunga daraja la muda la vyuma ili vikosi vyetu vivuke. Tuwatazame mafundi hawa wa pande mbili. Mmoja alikuwa amejifunza kupasua mwamba ili madini yatoke. Wengine walikuwa wamejifunza kuunganisha vyuma ili watu wapite. Elimu ya baruti si uovu, na elimu ya madaraja si utakatifu, kwani daraja nalo laweza kuvusha wanyang'anyi. Kilichowatofautisha ni kwamba hawa waliitumia elimu yao kurudisha nchi iliyoporwa, na yule elimu yake ilitumiwa kuipora.

Basi swali halisi limekwisha kuonekana. Kijana asiulize tu, "Jeshi litanifundisha nini?" Aulize, "Je, ninakikubali kiapo ambacho ufundi wangu utakitumikia?"

Kwamba swali hili si la maneno matupu tu, tulijifunza mapema. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam, wakidai nyongeza ya mshahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Si kila dai lao lilikuwa baya. Walakini jeshi lile lilikuwa limerithiwa kutoka kwa mkoloni pamoja na desturi zake, na askari alikuwa amefundishwa kushika silaha kabla hajafundishwa silaha hiyo ni ya nani. Nchi changa ikatikisika. Serikali ikalivunja jeshi lile, na Septemba 1, 1964 likaundwa Jeshi la Wananchi wa Tanzania. Neno "wananchi" halikuwekwa katika jina hilo kama pambo. Lilikuwa ni jibu: fundi wa silaha lazima kwanza awe mwananchi.

Hapa wengine watatupinga kwa kusema: kama mnataka kila kijana aingie jeshini kwa mapenzi ya nchi peke yake, kambi zitabaki tupu. Pingamizi hilo lina nguvu, nasi hatulipuuzi. Lakini tukumbuke maneno matatu ambayo Mwalimu Nyerere aliyatumia alipolitangazia Taifa vita mwaka 1978: uwezo, sababu na nia. Hakuyachanganya, nasi tusiyachanganye. Sababu za kijana zaweza kuwa nyingi: ada iliyokosekana, wadogo zake wanaomtegemea, mapenzi ya mashine, hata tamaa ya kuvaa sare. Hakuna binadamu aendaye popote kwa sababu moja. Mwalimu naye huingia darasani kwa sababu ya mshahara, daktari vilevile. Nia lakini ni kitu kingine. Ni uamuzi wa moyo juu ya kile nitakachofanya sababu hizo zitakapokwisha. Mshahara ukichelewa, nitatii? Nikipelekwa mpakani badala ya karakana, nitakwenda? Kijana awezaye kujibu "ndiyo" bila kujidanganya, hata kama alianza kwa kutafuta ada, ni mkweli kwa kiapo chake. Asiyeweza, hata akiimba nyimbo zote za uzalendo, amekopa ufundi kwa ahadi asiyokusudia kuilipa.

Wengine watatupinga kutoka upande wa pili. Watasema kwamba msomi na fundi bingwa wana kazi nyingine, na bunduki waachiwe wasiosoma. Fikra hiyo nayo tunaijua. Oktoba 1966 wanafunzi wa Chuo Kikuu waliandamana kupinga masharti ya kulitumikia Jeshi la Kujenga Taifa, na karibu 400 kati yao wakarudishwa makwao. Siku ile ile Mwalimu alitangaza kuupunguza mshahara wake mwenyewe. Waweza kubishana juu ya ukali wa adhabu ile, lakini huwezi kulikwepa fundisho lake: elimu iliyogharimiwa na jasho la wakulima haiwezi kudai kulindwa na watoto wa wakulima peke yao. Katiba yetu ya mwaka 1977, katika Ibara ya 28, huweka wajibu wa kulinda uhuru na ardhi ya Taifa juu ya kila raia, wala haibagui msomi.

Hata hivyo wajibu wa wote haumaanishi kwamba wote wavae sare. Maji ya Mto Ruvu, ambayo watu wa Dar es Salaam huyanywa, chanzo chake kikubwa ni Uluguru. Mkulima anayekataa kufyeka msitu wa chemchemi, na fundi wa kijijini anayelinda bomba lisivuje, nao wanaulinda uhai wa nchi. Kijana atakayejichunguza akaona kwamba kiapo cha jeshi si chake, asijione mwoga. Mwoga ni yule aliyeogopa kujichunguza.

Je, uamuzi huu ni wa kijana peke yake? Katika mila za Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mjomba ana sauti katika mambo ya ardhi na ya maisha. Mila hiyo ina hekima inayotufaa hapa. Anayekwenda kuapa anaweka rehani uhai ambao wengine waliulea. Ni adabu, basi, aketi na mama na mjomba awaeleze, wasije wakaipata habari akiwa amekwisha kuondoka. Lakini wazee nao wana wajibu wao. Wasimsukume kijana kambini ili apunguze midomo nyumbani, wala wasimzuie ili asiache kulima shamba lao. Wamwambie ukweli, kisha wamwache aape mwenyewe, kwa kuwa kiapo cha kulazimishwa ni kamba tu, na kamba hukatika.

Kutokana na hayo lazuka jukumu la Taifa. Kijana akiona kwamba mlango pekee wa ufundi ni ule wa kambi, hachagui, njaa inamchagulia. Kwa ajili hiyo shule za ufundi kama Ifunda na Moshi, na vyuo vya ufundi stadi kama kile cha Kihonda, si mashindani wa jeshi. Kila karakana ya kiraia inayofunguliwa humwezesha kijana anayeingia jeshini kuwa amekuja kwa hiari, maana alikuwa na mahali pengine pa kwenda akapaacha. Jeshi lenye watu wa namna hiyo ni imara kuliko lile lililojaa waliokosa pa kwenda.

Walimu nao wana sehemu yao. Mwanafunzi akija na tangazo la nafasi za jeshi mkononi, tusimjibu kwa haraka kwamba ni bahati au kwamba ni hatari. Tumwulize kwanza kama anao uwezo wa kazi hiyo. Kisha tumwache ataje sababu zake zote, zile za fahari na zile za shida. Na mwisho, tukiwa tumemwondolea aibu, tumwulize nia yake. Akijibu maswali hayo kwa ukweli, basi akienda kambini na aende kwa heshima, na akibaki kijijini au mjini na abaki kwa heshima ile ile. Taifa linamhitaji fundi kila mahali, mradi tu mahali hapo apajue, na ahadi aliyoitoa aitimize.