Kumwangalia Mzee Bila Kumwamkia

Katika kundi la WhatsApp la familia yetu, hakuna mjadala uliowahi kuchukua muda mrefu kuliko ule wa kamera. Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko kazini Muscat, alituma picha ya kamera ndogo zinazofungwa pembeni mwa dari, akapendekeza tumfungie mama mbili nyumbani kwake Muheza: moja sebuleni, moja barazani. Mama ameshapita miaka themanini, aliwahi kuteleza bafuni, na anayekaa naye ni mjukuu ambaye mchana kutwa yuko shule. Hoja ilikuwa nzito. Wengi wakaafiki na michango ikaanza kuingia, mpaka mdogo wetu wa mwisho alipouliza kama kuna aliyemwambia mwenye nyumba. Akampigia yeye.

Mama alimsikiliza hadi mwisho, kisha akasema: "Kwa hiyo mtakuwa mnaniangalia bila kuniamkia?"

Kundi lilikaa kimya hadi kesho yake. Mtu aliyelelewa pwani anaelewa uzito wa shtaka hilo. Huingii kwa mkubwa wako ukamtazama, ukatoka. Unabisha hodi, unatoa shikamoo, unaulizwa habari za watoto, na katika kujibizana huko ndipo unapogundua kuwa sauti imepungua au mguu umevimba. Kamera inaona mguu. Haiulizi umeanza kuvimba lini.

Mama si mpinzani wa vitu vipya, na nitalifikia hilo. Lakini swali lake limenifanya nivitazame upya vyombo vinavyouzwa kwa jina la kuwatunza wazee. Nchi iliyovijaribu sana ni Japani, ambako karibu watu watatu katika kila kumi wana miaka 65 au zaidi. Mwaka 2001 kampuni ya Zojirushi ilianzisha huduma ya birika la umeme linalotoa taarifa. Mzee akimimina maji ya chai, birika linaweka kumbukumbu, na mwanawe aliye mji mwingine anapelekewa ujumbe mara mbili kwa siku. Nalipenda birika hilo. Halimlazimishi mzee kujifunza lolote, wala halijui amevaa nini. Kwetu kazi hiyo hufanywa na jirani: akiona imefika saa nne na jiko la bibi wa nyumba ya pili halijafuka moshi, anakwenda kubisha hodi. Ila jirani yuko hatua chache kutoka mlangoni, na mtoto anayepata ujumbe wa birika huenda yuko mwendo wa saa kadhaa kwa treni. Taarifa bila miguu ya kuifuata haimwinui mtu sakafuni.

Wajapani hao hao walitengeneza Paro, mdoli wa roboti mwenye umbo la mtoto wa sili, ambaye anapapaswa na kutoa sauti. Alianza kuuzwa kwao mwaka 2005. Zikaja na mashine za kumnyanyua mzee kitandani. Mwanaanthropolojia James Wright alikwenda kukaa katika nyumba moja ya wazee kuona jinsi vyombo hivyo vinavyofanya kazi, na mwaka 2023 akatoa kitabu. Aliyoyakuta hayamo katika matangazo ya wauzaji. Roboti hizo nazo zilitaka kutunzwa: kuhamishwa, kuchajiwa, kusafishwa, kusimamiwa. Mashine ya kunyanyua iliwekwa kando baada ya siku chache, kwa kuwa wahudumu waliona inawachelewesha na kuwapunguzia muda wa kuwa na wazee. Tusisahau pia kwamba Japani haikuanza na roboti. Mwaka 2000 ilianzisha bima ya matunzo ya muda mrefu, ambayo kila mkazi huanza kuichangia akifika miaka 40, na sehemu kubwa ya fedha hizo hulipia kazi ya mikono ya watu.

Kamera za Muheza hazikufungwa. Michango ililipa fundi aliyetia vyuma vya kushikilia bafuni, akakwaruza sakafu ya sementi isiteleze na kuweka taa kwenye njia ya kwenda chooni. Kaka alinung'unika kwamba tumerudi enzi za mkoloni. Mama hajateleza tena.

Teknolojia iliyogeuza kweli maisha ya wazee wetu haikuletwa na daktari wala ofisa ustawi wa jamii. Ni pesa ya kwenye simu, iliyoanza Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo fedha ya mama ilifungwa kwenye bahasha, akapewa kondakta wa basi au mtu wa kijijini anayerudi. Nyingine zilipotea, sitaki kuzisifia siku zile. Lakini mletaji aliingia ndani, akapewa chai, na akirudi mjini alikuwa na habari: mama amekonda, bati la jikoni linavuja. Leo shilingi zinafika kabla hujaweka simu mfukoni, na zinafika peke yake.

Na zikishafika, nani anazitoa? Namba ya siri ya wazee wengi ninaowafahamu ni siri kwa mtu mmoja tu, mzee mwenyewe. Mjukuu anaijua, wakala anaijua, hata muuza vitumbua wa jirani anaijua, kwa sababu mzee huitamka kwa sauti dirishani. Afanyeje? Maandishi ya kitochi ni madogo, menyu ndefu, na akichelewa kubonyeza inakatika aanze upya. Basi simu anapewa mjukuu. Umetuma elfu thelathini, mkononi zinafika elfu ishirini na tano, na bibi hajui kama zilizopungua ni makato ama ni mjukuu. Akihisi ni mjukuu atanyamaza, maana huyo ndiye anayemchotea maji. Hapo ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko ya kamera: chombo kilichokusudiwa kumpa mzee uwezo kimemhamishia uwezo huo mtoto wa darasa la saba.

Kuna na suala la vidole. Laini zilipokuwa zikisajiliwa kwa alama za vidole, zoezi lililofikia ukomo Januari 20, 2020, wapo wazee waliokwama kwa kuwa mashine haikuziona alama zao. Umri hulainisha ngozi, na jembe la miaka hamsini humalizia kilichobaki. Mtu anaambiwa hatambuliki kwa sababu ya mikono ile ile iliyowasomesha waliobuni mashine.

Sasa nirudi kwa mama na vitu vipya. Dada alimletea mashine ya kupima presha, ile ya mkanda unaojijaza upepo wenyewe. Tulidhani itakaa kabatini pamoja na blenda. Muuguzi wa zahanati akamwelekeza: kaa utulie dakika tano, miguu chini, usizungumze, na ukipata 140 kwa 90 au zaidi siku kadhaa mfululizo, njoo. Mama akaitoa barazani. Leo shoga zake hupitia pale baada ya kufagia, wanapimana kwa zamu, na mjukuu anaandika katika daftari la shule kabla hajaondoka. Hilo la kutozungumza limewashinda kabisa, na nashuku namba za baraza lile huwa juu kwa sababu ya umbeya. Betri zikiisha wanachangishana. Siku ya kliniki daftari linakwenda nao hadi dirisha la wazee, na muuguzi analisoma. Hakuna mtaalamu aliyebuni mpango huo; wameupanga wao.

Kwa kampuni za simu na wanaozisimamia ninaomba mambo yaliyo ndani ya uwezo wao. Mzee aruhusiwe kumteua msaidizi anayetambulika, awekewe kiwango cha kutoa, na kila fedha inapotoka ujumbe uende pia kwa mtoto aliyeituma. Menyu zitamkwe kwa sauti, kwa Kiswahili, bila kumharakisha. Na ambaye vidole vyake havisomeki awe na njia nyingine ya kuthibitishwa iliyoandikwa wazi, asiachiwe huruma ya anayekaa dirishani siku hiyo. Nawe uliyemtumia mama pesa leo asubuhi, mpigie jioni, umwamkie, kisha umuulize mkononi zimefika shilingi ngapi.