Mchagua Jembe

Wahenga walisema kwamba mchagua jembe si mkulima. Methali hii tumeifundisha madarasani miaka mingi, na maelezo yake hayakutupa taabu kamwe: mvivu hutafuta kasoro katika mpini ili asiingie shambani. Lakini siku hizi limetufikia swali ambalo methali hiyo, ikichukuliwa juu juu, hailijibu. Ukoo unapomnunulia mtoto wao kompyuta ya kwenda nayo chuoni, je, kuchagua ni uvivu au ni wajibu? Na ikiwa ni wajibu, ni wajibu wa nani: wa yule atoaye fedha, au wa yule atakayekitumia chombo? Twawaomba ndugu wasomaji watuvumilie tulipime jambo hili. Laonekana dogo, lakini ndani yake mna haki, mna heshima, na mna ukweli baina ya ndugu.

Swali hilo tuliulizwa huko Adumi, kaskazini-magharibi ya mji wa Arua, karibu na mpaka wa Kongo, mahali ambapo Kiswahili kimeingia zaidi kwa njia ya soko na mpaka kuliko kwa njia ya darasa. Binti wa nyumba moja alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu cha Muni, chuo cha umma kilichoanzishwa mwaka 2013 karibu na Arua. Watu wa ukoo wakakutana chini ya mwembe, nasi tukaitwa kwa kuwa ni walimu. Fedha zilizokusanywa zilikuwa shilingi milioni moja na laki sita. Milioni moja ilikuwa bei ya fahali. Laki mbili zilitokana na muhogo mkavu na maharage. Laki nne zilitolewa na mjomba wa binti, mfanyabiashara wa Koboko.

Wenye kutunga istilahi wameiita kompyuta ya namna hii mpakato, na wenzetu wengine husema kipakatalishi. Asili ya majina yote mawili ni kupakata, yaani kumweka mtoto mapajani. Jina hilo linatukumbusha kwamba kabla binti hajaipakata mashine, wapo waliompakata yeye. Si ajabu basi wakiona kwamba wana haki ya kumchagulia.

Huenda msomaji mmoja akasema kwamba kompyuta ni anasa, na kwamba sisi wazee tulisoma kwa kalamu na daftari. Sisi wenyewe tuliwahi kusema hivyo. Lakini Machi 2020 serikali ya Uganda ilifunga shule na vyuo vyote kwa sababu ya ugonjwa wa Korona, na shule hazikufunguliwa kikamilifu mpaka Januari 2022. Katika muda huo vyuo vikuu vilianza kufundisha kwa njia ya intaneti. Mwenye chombo aliendelea na masomo. Asiye nacho alingoja. Tangu hapo kompyuta imekuwa katika safu ya mahitaji, pamoja na godoro na vitabu. Mkopo wa serikali kwa wanafunzi wa vyuo, uliowekwa kwa sheria ya mwaka 2014, hulipa ada ya masomo. Mzigo wa kompyuta umebaki mabegani mwa ukoo.

Chini ya mwembe ule zilitolewa rai mbili. Mjomba alitaka fedha zote zinunue kompyuta mpya, nyembamba, yenye jina linalojulikana. Alisema, "Mtoto wetu asije akachekwa na watoto wa Kampala." Baba mdogo alipinga. Yeye alitaka inunuliwe kompyuta mpya iliyo rahisi kuliko zote, ya shilingi laki saba, na zilizobaki ziwekwe. Akaitaja methali tuliyoanza nayo: mwenye nia ya kusoma atasoma kwa chombo chochote. Wazee wakagawanyika. Sisi tukaingia kati kwa fahari ya elimu yetu, tukazungumza karibu saa nzima juu ya betri na kumbukumbu. Binti alikuwa ameketi kando pamoja na mama zake. Hakuna aliyemuuliza neno, na sisi walimu tukiwa miongoni mwa hao wasiouliza.

Na tuzipime rai hizo, kwani kila moja ina chembe ya haki.

Rai ya baba mdogo inasimama juu ya methali. Lakini methali humkemea yule anayechagua ili asilime. Haimkatazi mkulima kujua udongo wake. Mtu wa Adumi hatumii jembe moja kwa ardhi ya mawe na kwa bonde lenye maji. Basi udongo wa kompyuta hii ni upi? Kwanza, umeme. Kwa miaka mingi West Nile ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikaunganishwa nayo mwaka 2024. Hata hivyo nyumba nyingi za vijijini bado hazijafikiwa na waya, nazo hutegemea sola ndogo ya taa na simu. Sola hiyo hutoa wati chache tu, ilhali chaja ya kompyuta huhitaji wati 45 au 65. Kwa hiyo wakati wa likizo betri inayokaa saa tano ina maana kuliko uzuri wa kioo. Pili, barabara. Chombo kitabebwa juu ya bodaboda katika njia ya mashimo. Diski ya kizamani yenye sahani izungukayo huumizwa na mtikisiko, na ile isiyo na kitu kizungukacho hustahimili. Tatu, fundi. Kitu kikiharibika, je, hapo Arua yuko mtu awezaye kukifungua na kubadili betri au kibodi?

Kwa kipimo hicho, kompyuta mpya iliyo rahisi kuliko zote huenda ikawa hasara. Nyingi za namna hiyo zina hifadhi ya gigabaiti 64 tu, tena iliyobandikwa humo moja kwa moja, na masasisho ya mfumo peke yake huijaza. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ni gigabaiti 4, wala aghalabu haiongezeki. Mwanafunzi akifungua kitabu, jedwali na ukurasa wa intaneti kwa pamoja, mashine hukwama. Neno "mpya" limewadanganya watu wengi. Kompyuta iliyotumika ofisini miaka michache, iliyojengwa kwa kazi nzito, yenye gigabaiti 8 na sehemu zinazobadilika, yaweza kuwa bora kwa bei isiyopita sana ile. Lakini nayo ina masharti yake. Betri ijaribiwe mbele ya mnunuzi mpaka ithibitike. Umri wake pia uulizwe, kwa kuwa Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliwi na Windows 11. Mashine ya namna hiyo haifi. Yaweza kuwekewa Linux na programu ya kuandikia ya LibreOffice, ambazo hazina malipo. Lakini mnunuzi aambiwe hayo kabla ya kutoa fedha. Muuzaji anayenyamaza amesema uongo bila kufungua kinywa.

Rai ya mjomba nayo tusiidharau. Aibu ya mwanafunzi maskini katikati ya wenzake si jambo la mchezo. Wako waliokwisha kuacha chuo kwa sababu ya kuchekwa. Lakini yatupasa tumuulize mjomba kwa upole: ni nani hasa anayeogopa kuchekwa? Mara nyingi anayetoa zawadi kubwa humwona machoni mwake yule atakayeitazama zawadi, asimwone atakayeitumia. Anataka isemwe Koboko na Arua kwamba fulani amemsomesha mpwawe kwa mashine ya milioni na laki sita. Hapo zawadi imebadilika: imekuwa vazi la mtoaji, na mpokeaji amekuwa kigingi cha kulitundikia. Hatusemi kwamba mjomba ni mtu mbaya. Twasema kwamba upendo na fahari hutembea njia moja, na ni vigumu kwa mwenye nazo kujua ni ipi iliyotangulia.

Mwishowe mama yake binti ndiye aliyesema, "Mbona hamumuulizi mwenye kusoma?" Pakawa kimya. Wengine waliona kwamba si adabu. John Middleton, aliyefanya utafiti kati ya Walugbara tangu 1949 hadi 1952 na kuchapisha kitabu mwaka 1960 juu ya dini na mamlaka yao, alionyesha jinsi mamlaka ya mzee yalivyofungamana na dhamana yake kwa watu wa ukoo, walio hai na waliokufa. Sisi twaona kwamba dhamana hiyo haiwezi kutimizwa na mtu asiyesikia. Mzee aliye mlezi wa wote hapungukiwi na heshima akimuuliza mdogo kuhusu haja yake. Hupungukiwa akikata shauri gizani.

Binti alisimama, akasema kwa sauti ndogo. Alisema amekwisha kuwauliza walio mwaka wa pili, nao wamemwambia kwamba kazi ni kuandika, kusoma, na kupiga hesabu za majedwali. Alihitaji mashine inayokaa na chaji, isiyo nzito, inayotengenezeka Arua. Iliyotumika ingemtosha. Kisha akasema jambo ambalo hakuna yeyote kati yetu aliyelitaja katika saa nzima ile: mdogo wake wa kiume alikuwa nyumbani tangu katikati ya muhula kwa kukosa karo, na fahali yule alikuwa wa wote wawili.

Twakiri kwamba tuliinamisha vichwa. Kijana yule alikuwa karibu nasi, akiwachunga mbuzi, nasi tulikuwa tukigawa urithi wake kwa gigabaiti. Hapa ndipo tulipoona kiini cha swali. Kuchagua chombo cha mmoja katika nyumba yenye haja nyingi ni kugawa kilicho cha wengi, na kugawa kunataka kadiri. Pungufu ya kadiri ni kumdhulumu anayepewa, kwa kuwa umempa jembe lisilolima kisha utamlaumu kwa mavuno. Zaidi ya kadiri ni kumdhulumu asiyekuwepo, kwa kuwa umempa mmoja pambo kwa karo ya mwingine. Na kadiri yenyewe haijulikani mpaka mwenye kazi aulizwe.

Limebaki swali moja: chombo kikishanunuliwa kwa mchango, ni mali ya nani? Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alimfananisha aliyepewa elimu na mtu wa kijiji chenye njaa aliyekabidhiwa chakula chote ili apate nguvu za kwenda mbali kuwaletea wengine. Akila asirudi, amewasaliti. Twaukubali mfano huo, ila twaongeza mambo mawili. La kwanza, chakula kile kilimfaa kwa kuwa kilikuwa cha safari; wangempa cha karamu, angeshindwa kutembea. La pili, waliompa hawakupata haki ya kumfuata kila hatua wakihesabu matonge. Mjomba aliyetoa laki nne hakununua ruhusa ya kuikagua kompyuta kila likizo, wala binamu hawana haki ya kuichukua usiku kucha watazame filamu kwa sababu fahali alikuwa wa ukoo. Kwa upande wake, binti hana haki ya kuiuza ili anunue simu ya fahari, wala kuiacha ilale huku ada ikilipwa. Deni lake halimo katika chuma na plastiki. Limo katika kazi atakayoifanya, na kwanza kabisa katika mdogo wake. Deni la namna hiyo halidaiwi kwa hesabu, lakini mwenye utu hulijua.

Ilinunuliwa Arua kompyuta iliyotumika, kwa shilingi laki tisa na nusu, baada ya betri kujaribiwa mchana kutwa. Laki nyingine ilinunua begi la kuikinga na mvua pamoja na vifurushi vya intaneti vya mwanzo. Zilizobaki, laki tano na nusu, zililipa karo ya kijana. Mjomba hakuridhika. Aliondoka siku ile bila kula, na hatuwezi kudai kwamba amekwisha kusahau. Haki haiji kila mara pamoja na furaha ya watu wote, na anayeitafuta sharti akubali kwamba huenda mtu mmoja akaondoka na uchungu. Twatumaini kwamba siku binti atakaposimama mbele ya darasa lake, mjomba naye atakuwepo.

Kwetu sisi walimu fundisho ni la karibu zaidi. Wazazi hutujia kila mwaka wakiuliza ni kompyuta ipi iliyo nzuri, nasi hupenda kujibu upesi ili tuonekane wajuzi. Tangu sasa yatupasa tujibu kwa maswali: mtoto anakwenda kusoma nini, nyumbani kuna umeme gani, fundi yuko wapi, na ni nani mwingine katika nyumba anayengoja fedha hizo hizo? Na kabla ya hayo yote tuulize: mwenyewe mmemuuliza? Mchagua jembe aweza kuwa mkulima hodari, maadamu anachagua kwa ajili ya shamba, na mwenye kulishika mpini amepewa nafasi ya kusema.