Shingo ya Mandolini na Mkono wa Mpigaji

Wahenga walinena kwamba mchagua jembe si mkulima. Neno hili lina ukweli mwingi, maana mvivu hakosi sababu, na sababu iliyo karibu naye kuliko zote ni ubaya wa chombo alichokishika. Walakini kila methali ina mpaka wake. Mpini wenye vibanzi huchoma kiganja cha mkulima hodari sawasawa na kiganja cha mvivu, na hekima haimkatazi hodari kuulainisha mpini wake. Kati ya kumlaumu mtu kwa udhaifu wake na kukilaumu chombo kwa ukali wake limesimama swali la kale: je, mkono ulifuate umbo la chombo, au chombo kilifuate umbo la mkono? Swali hili huulizwa mara nyingi juu ya meza ya fundi wa ala za muziki, na mfano wake ulio wazi ni shingo ya mandolini.

Mandolini ni ala ndogo ya nyuzi iliyokulia Napoli, katika nchi ya Italia, kisha ikaenea Ulaya na Marekani. Ina nyuzi nane za chuma zilizopangwa mbili mbili, na jozi zake nne hulinganishwa sauti kama nyuzi nne za fidla. Sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa sentimita 35 hivi, na upana wa shingo karibu na kichwa ni kiasi cha milimita 30 au pungufu. Katika mahali padogo namna hii vidole vinne vya mkono wa kushoto hufanya kazi kubwa, na kila kidole hubana nyuzi mbili kwa mara moja juu ya vijiti vya chuma vilivyolazwa kuikatiza shingo. Kidole gumba hutegemea nyuma. Shingo ikiwa nene mno, gumba husukumwa mbali na vidole vingine hupungukiwa na urefu. Ikiwa na ukingo mkali mgongoni mwake, mfano wa mkuku wa mashua, ukingo huo hukichimba kiungo cha gumba. Mwenye mkono mdogo huumia mapema, na mwenye maradhi ya viungo huumia zaidi.

Fundi aombwaye kuipunguza shingo ya namna hiyo huanza kwa kupima, wala haanzi kwa kukata. Huondoa nyuzi, hupima unene mahali kwa mahali, kisha hukata karatasi ngumu kwa umbo analolikusudia ili ailinganishe na mgongo wa shingo kila mara. Ndipo huchukua randa ndogo, tupa na msasa, akaondoa mti kidogo kidogo, na katikati ya kazi humwita mpigaji aishike ala na kusema mkono wake wasemavyo. Mwisho hupaka mafuta au vanishi. Kazi yenyewe si ya siku nyingi, lakini uzito wake haupimwi kwa muda. Uzi ukikatika hufungwa mwingine. Gundi ikiachia hupakwa tena. Mti uliokwisha kuwa vumbi chini ya meza haurudi shingoni. Kwa sababu hiyo jambo linaloonekana kuwa la useremala tu ni jambo la maadili pia.

Hoja ya kwanza ya wapingao ni ya nidhamu. Husema kwamba hakuna elimu isiyo na maumivu, na kwamba anayekilainisha chombo kabla ya kuukomaza mkono hujinyima malezi. Hoja hii haistahili dharau. Kila mwanafunzi wa ala ya nyuzi za chuma huumwa ncha za vidole katika majuma ya kwanza, na dawa yake si tupa bali subira, kwa maana ngozi hukomaa na maumivu hutoweka. Lakini yako maumivu mengine, ya kiungo cha gumba na ya kifundo cha mkono, ambayo mwenye kuyapata huyaona yakizidi kadiri anavyozidi kujifunza. Aina hizi mbili hazina budi kupambanuliwa. Uchungu unaopungua kwa mazoezi ni mwalimu. Uchungu unaozidi kwa mazoezi ni mwizi, na anayemfungulia mwizi mlango kwa jina la nidhamu hana sifa ya uvumilivu.

Wapingao hao humtaja Django Reinhardt, mpiga gitaa mashuhuri wa Ufaransa. Mwaka 1928 moto uliliunguza gari alimolala, na vidole viwili vya mkono wake wa kushoto vikabaki vimelemaa. Yeye hakungoja gitaa jipya la kumfaa. Alijizulia njia mpya ya kupiga, akitegemea zaidi vidole viwili vilivyosalia na nguvu, na njia hiyo ikamfanya bingwa. Hadithi hii ni ya kweli na ni ya kusifiwa. Walakini ushujaa wa mtu mmoja ni fahari yake. Ukigeuzwa kuwa sharti la watu wote, huwa dhuluma. Upande wa pili yuko Josef Hofmann, mmoja wa wapiga piano wakuu wa zama zake, ambaye mikono yake ilikuwa midogo. Kiwanda cha Steinway kilimtengenezea piano zenye vibao vyembamba kidogo kuliko kawaida. Waliomsikiliza hawakusikia wembamba wa vibao, walisikia muziki. Ikiwa chombo kilinyenyekea mbele ya mkono wa bingwa, ni haki gani itakayomkatalia mwanafunzi mwenye mkono wa kadiri ile ile?

Hoja ya pili ni ya heshima kwa aliyekiunda chombo. Husemwa kwamba fundi wa kwanza alijua alilolifanya, na anayelikwangua umbo lake huikwangua hekima yake. Jibu la hoja hii limo katika historia ya shingo yenyewe. Mandolini za Gibson, zilizoundwa Kalamazoo huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20, zilikuwa na shingo nene. Unene huo haukuwekwa kwa ajili ya starehe ya mkono. Nyuzi nane za chuma zikikazwa huvuta kwa nguvu ipatayo kilo 70 hivi, na mti peke yake ulilazimika kuustahimili mvuto huo bila kupinda. Mwaka 1921 Thaddeus McHugh, mfanyakazi wa kiwanda hicho, aliomba hataza ya ufito wa chuma uliofichwa ndani ya shingo na kukazwa kwa nati. Hataza ikatolewa mwaka 1923. Tangu hapo shingo iliweza kuwa nyembamba bila kudhoofika.

Katika habari hii mna mafunzo mawili, wala moja halifai kushikwa bila mwenziwe. La kwanza ni kwamba umbo la kale si lazima liwe takatifu. Huenda lilikuwa mapatano na udhaifu wa mti, na sababu ya mapatano ikiondoka, umbo halina tena amri juu ya mkono wa mtu. La pili ni onyo. Mtu anayeichukua mandolini ya kale isiyo na ufito, akaichonga ipate wembamba wa ile yenye ufito, huondoa unene ambao sababu yake ingali hai. Shingo hiyo itapinda, nyuzi zitapanda juu ya vijiti, na ala itakuwa ngumu kuliko ilivyokuwa. Vile vile anayechonga yenye ufito bila kupima aweza kuufikia ufito wenyewe. Basi heshima impasayo fundi wa kwanza si kuacha kila kitu alivyokiacha, bali ni kuuliza kwa nini alikifanya hivyo, na kusubiri jibu kabla ya kushika tupa.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote, nayo ni ya vizazi. Ala njema huishi kuliko mwenyewe. Mkono wa leo ukiichonga kwa kadiri yake, mkono wa kesho utaikuta imekwisha kukatwa. Hapa fidla hutoa ushahidi mkubwa. Antonio Stradivari wa Cremona alifariki mwaka 1737, akaacha fidla ambazo hadi leo husifiwa kuliko zote. Karibu zote shingo zake zimebadilishwa. Mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzoni mwa karne ya 19 kumbi zilikuwa kubwa, muziki ulitaka sauti ya nguvu na vidole vipande juu zaidi, na mafundi wakaziondoa shingo fupi za asili wakatia ndefu zaidi zilizoinamishwa nyuma. Hata ile fidla ya mwaka 1716 iitwayo Messiah, iliyohifadhiwa katika jumba la makumbusho la Ashmolean mjini Oxford na kusifiwa kuwa kama mpya, shingo yake iliongezwa urefu. Fidla zisikikazo katika taarabu ya Unguja zina shingo za umbo hilo la baadaye, na hakuna msikilizaji azionaye kuwa zimeharibiwa.

Lakini namna ya tendo ile yafaa itazamwe sana. Mara nyingi mafundi wale walikikata kichwa cha asili, ambamo mchongo wa mkono wa Stradivari ulionekana, wakakiunga juu ya shingo mpya. Kilichohitaji kubadilika kilibadilishwa, na kilichokuwa alama ya mtu kilihifadhiwa. Pamoja na hayo hasara haikukosekana. Mwenye kutaka kujua leo Stradivari alizikadiria vipi shingo zake hana budi kutegemea mabaki machache, kama vile fidla kubwa ya mwaka 1690 iliyotengenezewa ukoo wa Medici na kuhifadhiwa Firenze. Faida ilipatikana kwa wengi, na ujuzi fulani ulipotea kwa wote. Mwamuzi mwadilifu huyaandika yote mawili katika daftari moja.

Kutokana na hoja hizi hukumu yaweza kutolewa. Mandolini ya kiwandani, ambayo mfano wake ni maelfu, ni mali ya mkono unaoipiga, na kuiacha ikimtesa mwenyewe kwa ajili ya heshima ni kuheshimu mti kuliko mtu. Mandolini adimu, kama zile F-5 zilizotiwa sahihi ya Lloyd Loar kati ya mwaka 1922 na 1924, ni amana zaidi kuliko mali. Asiyeweza kuishika bila kuumia ana njia ya kuibadilisha kwa nyingine, wala hana haja ya kuikata. Baina ya hizo mbili, utaratibu ni huu: kwanza yajaribiwe yanayorudika, yaani nyuzi nyepesi, kimo cha nyuzi, mkanda wa begani, na namna ya kukaa, kisha iulizwe sababu ya unene, kisha mti uondolewe kidogo kuliko unavyotamaniwa. Na siku ala itakapouzwa, mnunuzi aambiwe ukweli, kwa maana tendo la halali likifichwa huzaa udanganyifu.

Wala swali hili haliishii kwenye ala. Watoto wengi wenye kutumia mkono wa kushoto walipigwa ili waandike kwa wa kulia, na waliowapiga waliita tendo hilo malezi. Desturi iliyowaumiza ilikuwa nayo shingo nene, iliyochongwa kwa mkono wa walio wengi, kisha ikadhaniwa kuwa ni umbo la maumbile. Anayetaka kuitia tupa desturi ana wajibu ule ule wa fundi, wa kupima kwanza na kuuliza sababu. Na anayeilinda ana wajibu ule ule pia: akiulizwa sababu, aitaje, akiwa hana, asiuite uchungu wa mwenziwe kuwa uvivu.